Viazi vyangu vinakwenda kwenye karai la chipsi, na wanangu wameacha chakula cha nyumbani

Mama wa Isyonje ameuliza:

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Mimi ni mkulima wa viazi mviringo hapa Isyonje, mkoani Mbeya, pale barabara ya Kitulo inapoachana na ile ya Tukuyu, na kabla ya kushika jembe nilifundisha shule ya msingi kwa miaka kumi na tisa. Nimeleta hapa jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu mavuno yaliyopita, nikiamini kwamba humu wamo watu waliosoma na kutembea kuliko mimi.

Ninaishi kwa chipsi ingawa sijawahi kuziuza. Dalali anapofika shambani haulizi tena kama viazi ni vitamu. Anataka kiazi kikubwa, kirefu kidogo, chenye macho ya juujuu ili kisipungue sana kinapomenywa. Vile vidogo, ambavyo zamani tulivichemsha na maganda yake tukavila kwa chumvi, huniachia. Ada za watoto wangu watatu zimetoka kwenye karai la mtu nisiyemjua, awe Mwanjelwa pale Mbeya mjini, Iringa au Dar es Salaam, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Mwezi Juni kijana wangu wa mwisho alirudi kutoka chuo. Jioni ile kulikuwa na baridi kali, tukaketi jikoni kuuzunguka moto, nikapakua viazi vya kuchemsha na maharage kwenye sinia moja, na maziwa ya mgando pembeni, ili tule pamoja kama tulivyozoea. Kijana alikula vipande viwili, akanawa mikono, akasema ameshiba. Baada ya nusu saa nikasikia pikipiki, na kumbe alikuwa ameagiza chipsi kutoka barabarani. Zililetwa zimefungwa kwenye karatasi iliyolowa mafuta na sosi nyekundu, akazila peke yake chumbani huku akitazama simu. Sikumgombeza. Kilichoniumiza ni kumwona mjukuu wangu wa miaka minne akimfuata hadi mlangoni na kunyoosha mkono. Tangu siku hiyo, kila nikimpa kiazi cha kuchemsha, ananiuliza sosi iko wapi. Kiazi ni kile kile, kimetoka shamba lile lile.

Nasikia kwamba dunia nzima inakwenda hivyo, na kwamba nchi zilizotutangulia zilianza na chakula cha haraka kama hiki kisha zikaishia na magonjwa na nyumba ambazo hakuna anayekula na mwenzake. Naomba kuelimishwa: je, haya yaliyotufikia sisi wa nyanda za juu ni yale yale yaliyowapata wao, au chipsi zetu ni kitu kingine? Na mtu kama mimi, ambaye anakula kutokana na chipsi huku akiziogopa, afanye nini?

Mkaangaji wa Mwanjelwa amejibu:

Shikamoo mama. Huenda karai unalolisema ni langu, kwa maana viazi vyangu vingi hutoka upande wenu. Nina mwaka wa tisa nikikaanga chipsi Mwanjelwa, nami nitakueleza kazi hii ilivyo, bila kuficha hata sehemu ambazo hazinipendezi.

Kwanza, tafadhali usimhesabu mteja wangu kuwa mvivu. Wengi wanaosimama mbele ya kabati langu la kioo saa mbili usiku ni madereva wa bodaboda, wasichana wanaofanya kazi madukani, na wanafunzi waliopanga chumba kimoja. Maharage makavu yanaweza kukaa jikoni saa mbili au tatu, na mama unajua mkaa unauzwaje mjini. Mtu anayefika kwake usiku, hana jiko la gesi, na kesho anatakiwa kuamka saa kumi na moja, akipiga hesabu ya mkaa, mafuta ya taa, nyanya na kitunguu anaona kwamba sahani yangu ya shilingi elfu mbili ni nafuu kuliko sufuria lake la maharage. Nimewahi kuwa mpangaji wa namna hiyo, na ndiyo sababu niliiona biashara hii.

Sasa nikupeleke kwenye karai lenyewe. Asubuhi namenya na kukata, nakaanga nusu nusu na kurundika kabatini. Mteja akija nazirudisha kwenye mafuta ya moto kwa dakika chache. Viazi ni vya Isyonje, mayai ni ya kuku wa kisasa wa hapa mjini, lakini mafuta, mama, mafuta yana safari ndefu. Ninatumia ya mawese, na mengi ya mawese yanayotufikia yana asili ya Malaysia na Indonesia. Mwezi wa saba, baridi ikikaza, nakuta dumu limeganda kama samli na inanibidi kuliweka karibu na jiko ili liyeyuke. Nimejaribu alizeti, ambayo ni yetu wenyewe, lakini bei yake ilinishinda, na niliona inachoka upesi kwenye karai, inatoa povu na kubadilika rangi kabla sijamaliza siku.

Mwaka 2022 ndipo nilipoelewa kwamba kibanda changu kimefungwa kamba na dunia. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta ya alizeti duniani, kisha Indonesia ikazuia kuuza mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi tarehe 23 Mei. Mimi sina habari na Jakarta, lakini wiki zile bei ya dumu la lita ishirini ilipanda mpaka nikapunguza vipimo vya chipsi na kugombana na wateja niliowazoea.

Na jambo ambalo naona aibu kulisema: miezi ile nilitumia mafuta yale yale kwa siku nyingi kuliko inavyofaa. Unayaona yanakuwa meusi, unayachuja, unaongeza mapya kidogo juu yake, unaendelea. Sikuwa na njia nyingine ya kulipa kodi ya kibanda, lakini wapo watoto waliokula chipsi zile, na jambo hilo bado linanikaa moyoni.

Mwalimu wa Historia, Iringa, amejibu:

Mama, nakupongeza kwa swali hili, na ndugu mkaangaji nakushukuru kwa kusema ukweli. Nijaribu kujibu ile sehemu ya kwanza, kama haya ni yale yale.

Watu wamekula vyakula vya barabarani tangu miji ilipoanza, na vitumbua vyetu na mihogo ya kukaanga vilikuwapo kabla ya kampuni yoyote kufika. Kilichozaliwa Marekani katika karne ya 20 hakikuwa chakula kipya. Kilikuwa mpango mpya wa kazi. White Castle ilianza kuuza mikate yake midogo ya nyama huko Wichita mwaka 1921. Mwaka 1948, ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walifunga mgahawa wao wa San Bernardino, California, kwa miezi kadhaa, na walipoufungua tena walikuwa wameondoa sahani na vijiko, wamewaachisha kazi wahudumu waliopeleka chakula kwenye magari, wamebakiza aina tisa tu za vitu vya kuuza, na wamegawa kazi ya jikoni kama inavyogawanywa kiwandani: mmoja anageuza nyama, mwingine anakaanga viazi, mwingine anafunga. Hapakuhitajika tena mpishi. Kuanzia mwaka 1955 Ray Kroc aliuza haki ya kuuiga mpango huo mji hadi mji, huku barabara kuu na magari ya watu binafsi vikimsogezea wateja.

Mpango huo ndio uliosafiri. Ulifika Ginza, Tokyo, mwaka 1971. Beijing ilipata KFC, kampuni nyingine ya Marekani inayouza kuku wa kukaanga, mwaka 1987. Tarehe 31 Januari 1990 Moscow ilifungua McDonald's katika uwanja wa Pushkin, na siku hiyo moja walihudumiwa watu zaidi ya 30,000, waliopanga foleni katika baridi ambayo hata Makete hatuijui. Mkulima anapaswa kukitazama kilichotokea nyuma ya foleni ile: kampuni ilijenga pembezoni mwa jiji kiwanda chake cha kuandaa viazi, nyama na mikate, kwa sababu mashamba na viwanda vilivyokuwapo havikuweza kuipa bidhaa za kipimo ilichotaka.

Karibu nasi zaidi, mwezi Januari 2022 maduka ya KFC nchini Kenya yaliishiwa chipsi. Wakenya walikasirika walipofahamu kwamba chipsi hizo huletwa kutoka nje zikiwa zimekwishakatwa na kugandishwa, na kwamba meli zilikuwa zimechelewa, wakati wakulima wa Nyandarua walikuwa na viazi shambani. Kampuni ilieleza kwamba kila mtoa bidhaa lazima kwanza apitishwe kwa viwango vyake vya ubora. Kiazi kilikuwapo, na mlaji alikuwapo. Kilichokosekana ni mkulima kuwa na nafasi katika mpango huo.

Kwa hiyo mama, kwa maoni yangu, chipsi za Mwanjelwa si kitu kile kile, lakini ni ndugu wa damu. Zinafanana kwa mafuta mengi, chumvi nyingi, soda pembeni, kula kwa dakika kumi, na kula bila kumngoja mtu. Zinatofautiana kwa jambo moja kubwa: muuzaji wako ana jina, unaweza kumfuata kibandani ukazungumza naye, na kiazi chake ni chako. Nisingependa tuipoteze tofauti hiyo kwa kulaani kila kinachoitwa chipsi.

Kuhusu sinia, ninakiri kwamba sina faraja ya kukupa. Mwaka 1986 Waitaliano waliandamana Roma, McDonald's ilipokuwa ikija karibu na ngazi maarufu za jijini humo ziitwazo Ngazi za Kihispania, na Carlo Petrini na wenzake wakaanzisha harakati ya chakula cha polepole, inayoitwa Slow Food. Mgahawa ulifunguliwa hata hivyo. Lakini harakati ile ilibaki na imewafikia wakulima wengi wadogo, na walichokitetea zaidi kilikuwa mkulima anayefahamika, mbegu ya mahali, na muda wa kukaa pamoja. Hapa kwetu muda huo ndio uliokatika kwanza. Nina wanafunzi wa bweni na wa kutwa. Nikiwauliza mara ya mwisho lini walikula na baba zao, wengi hutaja Krismasi.

Afisa Lishe amejibu:

Naomba niingie kwa sababu mjukuu wa miaka minne ametajwa, na umri huo ndio kazi yangu.

Mikoa yetu ina jambo la kusikitisha ambalo wageni hawaliamini. Tunalisha nchi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Iringa iliongoza nchi nzima kwa asilimia 57, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa, kila mmoja asilimia 50 hivi. Chipsi hazikuleta udumavu huu. Ulikuwapo kabla yake, na chanzo chake kikubwa ni mtoto kulishwa uji wa mahindi meupe au ugali siku baada ya siku, mama akiwa shambani tangu alfajiri, na mayai, maziwa na maharage yakipelekwa sokoni. Upande wa pili, utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa nchini wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Ninatembelea kaya ambazo mtoto amedumaa na mama yake ana shinikizo la damu, wote wawili chini ya paa moja.

Ninachohofia kuhusu mjukuu ni chipsi kuchukua nafasi ya maharage na maziwa. Tumbo la mtoto wa miaka minne ni dogo. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina kalori zisizofika 90. Gramu hizo hizo za chipsi zina takriban 300, na ongezeko lote hilo limetoka kwenye mafuta na kwenye maji yaliyopotea. Mtoto akijaza tumbo kwa hizo na soda, hataomba tena kitu cha kumjenga misuli na akili. Chumvi nayo: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na mtoto apewe pungufu ya hapo. Ukimzoesha ulimi sasa, kiazi kisicho na chumvi na sosi kinaweza kumchosha hata akiwa mkubwa, na hicho ndicho unachokisikia anapokuuliza sosi iko wapi.

Kwa ndugu mkaangaji nina jambo la kazini. Viazi vikihifadhiwa kwenye baridi kali, chini ya nyuzi nane hivi, wanga wake hugeuka sukari, na ukivikaanga hubadilika kuwa kahawia iliyokolea kabla havijaiva vizuri. Rangi ile si ya urembo. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden waligundua kwamba vyakula vya wanga vinapokaangwa au kuokwa kwa moto mkali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, inayohofiwa kudhuru afya, na kadiri chipsi zinavyokuwa nyeusi ndivyo kemikali hiyo inavyozidi. Kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba, usilaze magunia kwenye sakafu ya saruji. Yainue juu ya mbao, yafunike, viazi visipigwe na mwanga vikawa kijani. Vikishakatwa, viloweke kwenye maji kwa nusu saa, uvikaushe, ukaange mpaka viwe vya njano ya dhahabu. Kuhusu mafuta umejisema mwenyewe, nami sikuhukumu. Yakianza kutoa moshi mapema, povu lisiloisha na harufu kali, yamekwisha. Kuongeza mapya juu yake ni kuyaharibu na mapya.

Mkazi wa Ilula amejibu:

Naongeza moja tu. Sosi nyekundu aliyoitaja mama imeniuma. Hapa Ilula msimu wa nyanya tunazimwaga pembeni ya barabara kuu kwa matenga, zinaoza mbele ya macho yetu kwa kukosa bei, na wakati huo huo kwenye vibanda vya Iringa mjini naona chupa za sosi ambazo ukizionja unapata wanga, rangi na siki kuliko nyanya. Mkaangaji mmoja akikubali kuchemsha nyanya halisi na kitunguu, chumvi kidogo na pilipili, atakuwa amenunua tenga langu zima kwa wiki.

Mama wa Isyonje amejibu:

Marahaba mwanangu wa Mwanjelwa, na nyote asanteni. Nimeyasoma haya kwa sauti, kijana wangu akiwa pembeni, na hakuondoka. Aliposikia habari za saa tatu za maharage na mkaa, aliniambia kwamba kule chuoni hupika mara moja kwa wiki, na kwamba siku nyingine chipsi ndicho chakula chake pekee tangu asubuhi. Sikuwa nikijua. Nilikuwa nimeyachukulia kama dharau kwa chakula changu, kumbe mtoto alikuwa amezoea kushindia hivyo, na nadhani hilo ndilo lililostahili kuniuma kuliko lile la sinia.

Afisa lishe, jana nimekaanga viazi nyumbani, vile vidogo alivyokataa dalali, kwa alizeti kidogo kwenye kikaango cha kawaida, nikavipakua pamoja na maharage na mchicha. Mjukuu alikula maharage kwa sababu mjomba wake alikuwa anayala. Nitakuwa nikifanya hivyo Jumamosi, siku nyingine nitachemsha. Maharage ninayaloweka usiku kucha, yanaiva kwa nusu ya muda. Nimempimia kijana debe moja, na nimemwonyesha namna ya kuloweka ndani ya ndoo yenye mfuniko hapo chumbani kwake.

Mwalimu, yale ya Kenya yamenifikirisha sana. Nimekuwa nikiuza kwa lumbesa kwa dalali kwa miaka mingi, yaani gunia limejazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, na sijawahi kumjua anayekaanga. Mwanangu wa Mwanjelwa, kama utapenda, nikuletee magunia mawili moja kwa moja, yaliyopimwa kwa kilo kwenye mizani, bei tuipange sisi wawili. Nitachagua viazi vilivyokomaa shambani mpaka majani yakakauka, maana vile vinavyochimbwa vibichi hunyonya mafuta mengi.

Mkaangaji wa Mwanjelwa amejibu:

Mama, nimekubali kwa mikono miwili. Nikipata kiazi kilichokomaa kwa kilo halali, kile ninachokiokoa kwa dalali kitaingia kwenye mafuta, ili niwe ninabadilisha karai lote kila baada ya siku mbili. Nitaomba pia mfuko wa vile vidogo. Nataka nijaribu kuviuza vya kuchemsha na kachumbari asubuhi, kwa wale wa bodaboda wanaoanza kazi saa kumi na mbili. Na ndugu wa Ilula, ukipita Mbeya na tenga, ulizia upande wa mboga, watakuonyesha kibanda.

Mama wa Isyonje amejibu:

Vitapakiwa Jumatano jioni kwenye gari la Tukuyu linalopita hapa. Viinue juu ya mbao mara tu vitakapofika, usiku huu umande umeganda mpaka kwenye majani ya kabichi.